Fundi wa Kericho na Somo la Mwenendo Mwema

Mwaka 1916, Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, kijana wa Kipunjabi aitwaye Puran Singh alivuka Bahari ya Hindi akaja Kenya, nchi ambayo Waingereza walikuwa bado wakiiita Himaya ya Afrika Mashariki. Alikuwa na umri wa miaka 18. Maisha yake yalikuja kutia nanga Kericho, mji wa mvua na baridi, alikoendesha karakana iliyojulikana kwa jina la Kericho Wagon Works. Kazi yake ilikuwa ufundi. Hakuwa mwalimu, na jina lake halimo katika orodha ya walioandika mitaala ya Kenya. Hata hivyo ziko shule Uingereza leo, zenye sare, kengele na mitihani ya serikali, ambazo mafunzo yake ya tabia yanatokana na fundi huyu. Wafuasi wake humwita Baba wa Kericho.

Nimeona vyema historia ya maadili ya Kihindu na ya Makalasinga, yaani Masikh, katika elimu yetu isimuliwe kutoka nchi ya chai badala ya Nairobi. Nairobi kuna mahekalu mengi na shule za jumuiya zenye majina makubwa, na aghalabu waandishi huishia huko. Kericho na Bomet kuna Waasia wachache, makanisa mengi, na majani ya chai yanayofuata vilima mpaka macho yachoke. Mahali kama hapo ndipo mtu anapoona vizuri ni fundisho gani limevuka ukuta wa jamii yake na lipi limebaki ndani.

Waasia walifikaje huku juu? Wengi wa watangulizi wao walifuata reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta kutoka India vibarua na mafundi 31,983 kujenga njia ya garimoshi kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Waliokufa kazini walikuwa 2,493. Waliobaki baada ya kazi kwisha walikuwa 6,724. Reli ilipita upande wa kaskazini wa nchi ya Wakipsigis, kwenye stesheni ya Lumbwa, mahali tunapopaita Kipkelion siku hizi, ikateremka Fort Ternan na Muhoroni hadi bandari ya Kisumu. Nyuma ya reli walikuja wenye maduka, na nyuma ya wenye maduka wakaja maseremala, waashi na wahunzi. Bondeni, Kibos na Miwani, Wahindi walipewa ardhi wakalima miwa. Huku vilimani walizuiwa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeamua tangu mwongo wa kwanza wa karne ya 20 kwamba nyanda za juu ni za Wazungu peke yao, na mlango huo haukufunguliwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo Mhindi wa Kericho angeweza kumiliki duka au karakana mjini. Shamba la chai hakuruhusiwa kulimiliki.

Ardhi yenyewe ilikuwa imeporwa kwa wenyewe. Baada ya vita, mwaka 1919, takriban eka 25,000 katika nchi ya Wakipsigis zilitengewa maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani ili walime kitani. Mpango ule ulianguka katika miaka michache. Kampuni ya Brooke Bond na ile ya James Finlay zikachukua nafasi kati ya 1924 na 1925, na chai ikaanza kupandwa kwa wingi. Wakipsigis waliokuwa wakichunga ng'ombe kwenye vilima hivyo wakajikuta wageni pembeni mwa nchi yao.

Ndivyo jamii ya nchi ya chai ilivyopangwa: meneja Mzungu katika nyumba ya juu kilimani, mchuma chai Mwafrika katika kambi za kampuni, Mhindi na Kalasinga mjini kati yao. Shule nazo zilipangwa hivyo hivyo. Ripoti ya Profesa Nelson Fraser ya mwaka 1909 ilipendekeza kila rangi iwe na elimu yake, na serikali ikafuata. Mtoto wa Kihindi na mtoto wa Kikipsigis wangeweza kuzaliwa maili moja kutoka kwa mwenzake, wakakua hadi utu uzima bila kukaa dawati moja hata siku moja.

Ndani ya ukuta huo wa rangi, Wahindu walijenga elimu yao kwa bidii. Chama cha Arya Samaj, kilichoasisiwa Bombay mwaka 1875 na Swami Dayananda Saraswati, kilianzishwa Nairobi mwaka 1903, na mwaka 1910 kikafungua shule ya wasichana. Tuzingatie tarehe hiyo: wakati ambapo jamii nyingi za Kenya, Waafrika kwa Waasia, ziliona shule ni mahali pa mvulana, watu hawa walitaka binti ajue kusoma. Dayananda alikuwa amefundisha kwamba maandiko matakatifu ni haki ya wote, mwanamke kwa mwanamume, na kwamba ndoa za utotoni ni dhuluma. Somo la tabia katika shule za Arya halikuwa pambo la asubuhi la kuimba na kutoka. Lilikuwa sababu ya shule kuwepo. Mtoto alifundishwa kusema kweli, kutodhuru kiumbe, kuheshimu wazazi na walimu, kujizuia na ulevi, na kumhudumia mwenye shida.

Lakini mafunzo hayo yalihudumia watoto wa nyumbani tu, na ukweli huo unauma. Mfumo wa rangi uliwafungia ndani, nao wengi wakaridhika humo. Kweli, huruma na huduma vilifundishwa kwa Kihindi, Kigujarati na Kipunjabi, wakati kijana wa Kikipsigis aliyefagia ua wa shule hiyo hiyo hakuhesabiwa kuwa mwanafunzi. Maadili yakifundishwa kwa ukoo mmoja tu hulea adabu ya nyumbani. Mtaani hayana nguvu.

Upande wa pili wa ukuta, wamisionari walikuwa kazini. Africa Inland Mission walijenga kituo Litein, na miaka ya 1930 wamisionari wa Kimarekani wakatia mizizi Tenwek, karibu na Bomet, ambako hospitali yao ingali mashuhuri mpaka leo. Serikali ilifungua shule ya Kabianga kwa ajili ya vijana wa Kikipsigis. Huko nako tabia ilifundishwa, kwa Biblia na kwa kiboko. Nao Wakipsigis wenyewe walikuwa na shule yao kongwe kuliko zote: jando, ambako kijana alikaa mafichoni akifundwa na wazee uvumilivu, siri, heshima kwa mkubwa na wajibu kwa kokwet, yaani ujirani wake. Kwa hiyo kila jamii ya nchi ya chai ilikuwa na fundisho la mwenendo, na kila moja ilidhani majirani hawana.

Sasa turudi kwenye karakana. Dini ya Kisikh, aliyoifuata Puran Singh na iliyoanzishwa na Guru Nanak aliyezaliwa mwaka 1469 huko Punjab, inamtaka muumini mambo matatu: amkumbuke Mungu, ale jasho lake la halali, na agawane na wenzake alichopata. Hayo mawili ya mwisho hayasomwi kitabuni yakaisha. Yanahitaji nyundo, na yanahitaji sufuria. Kila gurudwara, yaani nyumba ya ibada ya Masikh, ina jiko la wote, ambapo tajiri na maskini huketi chini safu moja wakala chapati na dengu bila kulipa na bila kuulizwa dini. Msafiri wa barabara ya Mombasa anaifahamu gurudwara ya Makindu, iliyojengwa na Makalasinga wa reli mwaka 1926, ambako mpaka leo dereva wa lori hushuka, akavua viatu, akafunika kichwa na kula chakula chake kwa amani. Puran Singh aliishi kwa mpango huo huo Kericho kwa miongo mingi. Mchana alikuwa fundi. Alipowafundisha waliomfuata, mkazo wake ulikuwa neno nishkam: kutenda wema pasipo kutazamia malipo wala sifa.

Fundisho hilo si la Makalasinga peke yao. Katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, Krishna anamweleza shujaa Arjuna, akiwa amesimama kati ya majeshi mawili, kwamba mtu ana haki juu ya kazi yake na hana haki juu ya matunda yake. Wahindu wamelifikiri jambo hilo kwa karne nyingi. Mahatma Gandhi aliliweka katikati ya maisha yake yote ya kisiasa. Fundi wa Kericho alilileta katika maisha ya gereji. Napenda kufikiri kwamba hapo ndipo palipopatikana ufunguo: mwanafunzi wa ufundi anayefundishwa kukaza nati ambayo mteja hataiona kamwe, na kuikaza vizuri kana kwamba anaiona, amefundishwa maadili kuliko aliyekariri majina 10 ya fadhila.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, ukuta wa rangi katika shule ulikuwa tayari umeanza kubomolewa. Tume ya Profesa Simeon Ominde, iliyotoa ripoti yake kuanzia 1964, ilitaka watoto wote wa Kenya wasome pamoja, na somo la dini lifundishwe kwa njia za kielimu kama masomo mengine, lisiwe la kusaka waumini. Sheria ya Elimu ya 1968 iliyafanya makanisa na jumuiya za dini kuwa wafadhili wa shule badala ya wamiliki, ikamwachia mzazi haki ya kumwondoa mtoto wake katika kipindi cha dini isiyokuwa yake. Ilikuwa sheria ya busara.

Lakini wakati mlango wa shule unafunguliwa, wengi waliotakiwa kuingia walikuwa wakifunga masanduku. Sheria za uhamiaji na leseni za biashara za mwaka 1967 ziliwabana Waasia ambao hawakuwa wamechukua uraia wa Kenya. Maduka ya miji midogo, Kericho ikiwemo, yakaanza kubadilisha wenyewe. Uingereza nayo ikapitisha sheria ya haraka Machi 1968 kuzuia wimbi la Waasia waliokuwa wakihamia huko, na hata hivyo maelfu walifika. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia wa Uganda. Katika miaka hiyo ya misukosuko Puran Singh naye aliondoka Kericho, akiwa mzee, akaenda kuishi Birmingham. Huko wafuasi wake wakaunda jumuiya iitwayo Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha, yenye makao katika mtaa wa Handsworth. Alifariki mwaka 1983.

Kenya, kwa upande wake, ilibaki na swali la namna ya kulea watoto wa nchi yenye dini nyingi. Mwaka 1976 kamati iliyoongozwa na Peter Gachathi ilipendekeza elimu ya jamii na maadili iingizwe shuleni, kwa hofu kwamba mila za zamani zinalegea na hakuna kinachochukua nafasi yake. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, mtoto wa Kenya aliwekewa njia tatu za dini mbele yake: ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu. Katika mtihani wa Kidato cha 4 zilipewa namba zinazofuatana: 313, 314 na 315.

Somo hilo la 315 linastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa nchi chache nje ya bara Hindi zimelifanya jambo kama hili katika mtihani wa taifa. Linaitwa Elimu ya Dini ya Kihindu, lakini ndani yake zimo dini nne: ya Kihindu, ya Kijaini, ya Kibudha na ya Kisikh. Kuziweka chungu kimoja kulirahisisha kazi ya serikali, maana waumini wa dini hizo zote kwa pamoja ni wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu Wahindu takriban 60,000 tu kati ya Wakenya zaidi ya milioni 47. Makalasinga wana haki ya kunung'unika, kwa maana dini yao inasimama kwa miguu yake. India yenyewe, katika kifungu cha 25 cha katiba yake ya 1950, iliwajumuisha Masikh, Wajaini na Wabudha chini ya neno Mhindu kwa madhumuni fulani ya kisheria, na malalamiko hayajaisha.

Hata hivyo, mtu akiziweka dini hizo nne sambamba kwa ajili ya kufundisha mwenendo, atashangaa jinsi zinavyoitikiana. Mtaala una mada nzima iitwayo sadachar, yaani mwenendo mwema. Mapokeo ya yoga ya Kihindu yanataja makatazo matano: kutodhuru, kutosema uongo, kutoiba, kuutawala mwili, na kutojilimbikizia mali. Wajaini wanayataja matano hayo hayo kama nadhiri. Wabudha wana amri tano za mlei: asiue, asiibe, asizini, asiseme uongo, asinywe vileo. Makalasinga wanataja maadui watano wa moyo: tamaa ya mwili, hasira, uroho, kung'ang'ania vitu, na kiburi. Mwalimu wa bweni katika shule yoyote ya Sotik au Londiani akiisoma orodha hii atadhani imeandikwa baada ya kukagua bweni lake. Sanduku lililovunjwa usiku ni kuiba. Mwanafunzi mgeni wa Kidato cha 1 anayelazimishwa kufua nguo za wakubwa ni kudhuru. Pombe ya magendo inayopitishwa chini ya ua haihitaji maelezo.

Katika mafundisho hayo, lililo na uzito kuliko yote shuleni ni ahimsa, kutodhuru. Wajaini wamelipeleka mbali kuliko wengine, hata watawa wao hufagia njia wasikanyage wadudu. Mtoto hahitaji kufika huko. Anachofundishwa ni kwamba madhara yana ngazi tatu: ya mkono, ya mdomo na ya mawazo, na kwamba anayengoja mkono uinuke ndipo aanze kujizuia amekwisha chelewa. Jambo hili linaweza kufanyiwa mazoezi. Ndiyo maana mtaala huo una yoga ndani yake: kukaa kimya, kuvuta pumzi, kuitazama hasira ikija na kuiacha ipite. Kutawala hasira kunafundishwa kama ujuzi, kwa kurudia kila siku.

Udhaifu wa somo hili ni ule wa masomo yote ya Kenya ya wakati huo. Sadachar ilikuja kuwa swali la alama. Mtahiniwa angeweza kutaja faida za ukweli na kupata alama zote kwa jibu alilonakili kwa jirani. Tena, kwa kuwa kila mtoto alichagua njia moja ya dini, mtoto wa Kikristo wa Bomet alimaliza masomo bila kujua jirani yake Kalasinga anaamini nini. Shule nyingi za Kericho na Bomet zina wafadhili wa kikanisa, iwe Africa Inland Church (AIC), Africa Gospel Church (AGC) au Kanisa Katoliki, na huko somo la dini maana yake ni la Kikristo. Somo la Elimu ya Jamii na Maadili, ambalo lingewakutanisha wote, lilifutwa katika marekebisho ya mtaala ya 2002. Mwaka mmoja kabla yake, 2001, serikali ilikuwa imepiga marufuku kiboko. Kwa hiyo katika kipindi kifupi shule ziliondolewa fimbo na somo la maadili pia. Kuondoa kiboko kulikuwa sawa kabisa, na mtu anayelilia kirudi simwungi mkono. Kosa lilikuwa kuondoa kimoja na kingine bila kuweka cha tatu.

Kisha zikaja siku ambazo nchi ya chai haipendi kuzikumbuka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na hasa baada ya mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, kuuawa Eldoret tarehe 31 Januari 2008, Kericho ilichafuka. Wafanyakazi wa mashamba ya chai waliotoka jamii nyingine walikimbia kambi walizoishi miaka mingi. Mpaka wa Sotik na Borabu uliwaka moto. Waliobeba mishale na viberiti walikuwa vijana, na wengi wao walikuwa wamepitia shule zetu na kukariri upendo kwa jirani. Mwaka huo huo Wizara ya Elimu ikaleta elimu ya amani shuleni, na Katiba ya 2010 ikaandika maadili ya taifa katika kifungu cha 10.

Wakati haya yakitokea, mafunzo ya fundi wa zamani yalikuwa yamerudi Kericho kwa mlango mwingine. Wafuasi wake walijenga gurudwara kubwa mjini Kericho, ya kumbukumbu yake, mojawapo ya majengo makubwa ya dini hiyo barani Afrika. Jiko lake hulisha mtu yeyote. Kando ya hayo walianzisha chuo cha ufundi, Nishkam Saint Puran Singh Institute, kwa ajili ya vijana wa eneo hilo. Hapo kijana wa Kikipsigis anajifunza ufundi wa magari, umeme au ujenzi. Haombwi kuvaa kilemba wala kubadili dini. Kwa maoni yangu, hapa ndipo ukuta ule wa mwaka 1909 ulipobomoka kwa kweli, kwani fundisho lililokuwa la watoto wa nyumbani limemfikia jirani, na limemfikia kwa njia ya kazi, kama lilivyoanza.

Kule Birmingham mbegu hiyo hiyo ilizaa madarasa. Chini ya uongozi wa Bhai Mohinder Singh, mzaliwa wa Uganda na mhandisi kwa taaluma, jumuiya ya Nishkam ilifungua shule ya msingi mwaka 2011, sekondari mwaka 2012, na nyingine Magharibi mwa London mwaka 2013. Zinagharamiwa na serikali na zinapokea watoto wa dini zote. Katika jiji hilo la Birmingham, mtaala wa dini uliokubaliwa mwaka 2007 ulikuwa tayari umeachana na mpango wa kufundisha dini moja baada ya nyingine kama orodha ya makumbusho. Uliweka hulka 24 za kukuza ndani ya mtoto, kama vile huruma, uwazi na shukrani, na kila dini ikaulizwa ina nini cha kuchangia. Wahindu nao, wengi wao wakiwa familia za Kigujarati zilizotoka Kenya, Uganda na Tanzania, walipata shule yao ya kwanza ya serikali mwaka 2008, Krishna Avanti ya Harrow, ambayo huhesabu malezi ya tabia kuwa sawa na masomo.

Si kila mahali jambo hili limekwenda kwa utulivu. India, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2002 kwamba kufundisha maadili yanayotokana na dini shuleni hakuvunji katiba, mradi dini zote ziheshimiwe. Miaka 20 baadaye jimbo la Gujarat lilipotangaza kuingiza Gita katika madarasa ya 6 hadi 12, Waislamu na Wakristo wa huko waliuliza kwa nini kitabu kimoja. Swali lao ni la haki. Dola inapoingiza darasani dini ya walio wengi, hata neno tamu linaweza kusikika kama amri. Wakenya wa nchi ya chai tunapaswa kulipokea swali hilo kwa upande wetu, kwa kuwa hapa walio wengi ni Wakristo, na mtoto wa Kihindu aliye peke yake darasani ndiye anayesikia amri. Kifungu cha 8 cha katiba yetu kinasema Kenya haina dini ya dola, na cha 32 kinamlinda kila mtu katika imani yake. Mwaka 2017 Wakenya wenye asili ya Asia walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 44. Kutambuliwa kwenye karatasi bila kujulikana darasani ni nusu ya kazi.

Mtaala wa umilisi uliosambazwa nchini kuanzia 2019 unataja maadili manane: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki katika jamii na uadilifu. Hakuna hata moja kati yake ambalo Mhindu, Mkristo, Mwislamu au mzee wa kokwet atalikataa. Tena mtaala huo unadai mwanafunzi atoke nje akaitumikie jamii yake. Basi kazi ya mikono, ile iliyokosekana katika karatasi ya 315, sasa imeandikwa katika sera. Kinachokosekana ni mahali na mtu wa kuonyesha inavyofanywa kwa moyo.

Nchi ya chai inavyo vyote viwili. Naziomba bodi za shule za Kericho na Bomet, pamoja na wafadhili wao wa kikanisa, ziwapeleke wanafunzi wao wakahudumu katika jiko la gurudwara ya Kericho, wakate vitunguu, wagawe chapati, waoshe sahani za watu wasiowajua, na baadaye wazungumze na walimu wao kuhusu walichokiona. Naiomba Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iifungue mada ya sadachar kwa watoto wa njia zote tatu za dini, kama vile mada za Kikristo na Kiislamu zinavyoweza kufunguliwa kwa mtoto wa Kihindu, bila mtihani na bila mtu kuombwa aache imani yake. Nanyi jumuiya za Kihindu na za Makalasinga, msingoje kualikwa. Shule za majirani zenu ziko hatua chache kutoka milango ya mahekalu yenu, nendeni mkazungumze na walimu wakuu.